Je, nisome insha yangu yote kwenye video ya skrini?

*Swali: Nimemaliza insha ya maneno kama 3,000, na sasa nimetakiwa niiwasilishe kwa video ya kurekodi skrini isiyozidi dakika tano. Nilifungua insha kwenye kompyuta, nikawasha programu ya kurekodi, nikaanza kuisoma huku nikishusha ukurasa polepole. Dakika tano ziliisha nikiwa bado ukurasa wa pili. Nilipoitazama, maandishi yalikuwa na ukungu, sauti ilikuwa na mwangwi, na faili lilikuwa kubwa mno kulituma. Kompyuta yangu ni ya kawaida, haina nguvu nyingi. Je, nisome kwa kasi zaidi? Ni lazima ninunue programu ya kulipia na maikrofoni ya kitaalamu? Na kusema kweli, sipendi sauti yangu nikiisikia. Hilo ndilo linalonivunja moyo zaidi.*

Kwanza hongera kwa kuimaliza insha yenyewe. Hiyo ndiyo kazi ngumu, na haiharibiwi na video moja iliyotoka vibaya. Umeuliza kuhusu kasi ya kusoma, ukungu, vifaa na sauti yako. Nitayajibu yote, ila nitakaa zaidi kwenye la kwanza kwa sababu ndilo lililozaa mengi ya hayo mengine. Uliichukulia video kuwa njia nyingine ya kuisoma insha. Kutoka hapo ukajikuta unaukimbiza muda, unashusha ukurasa bila kupumzika, na pengine umeyaacha maandishi yakiwa madogo ili mengi yaonekane kwa pamoja.

Tufanye hesabu ndogo. Mtu anayesoma kwa sauti kwa utulivu, akipumua na kuheshimu nukta, akifikisha maneno 120 kwa dakika amekwenda kasi ya kutosha. Maneno 3,000 kwa kasi hiyo ni dakika 25. Kuyaingiza ndani ya dakika tano kunadai maneno 600 kwa dakika, yaani kumi kila sekunde, na hakuna sikio litakalokufuata. Kusoma kwa kasi zaidi tukuweke kando kabisa. Ila hata kama ungepewa dakika 25 zote, bado ningekushauri usiisome yote.

Sababu iko kwa mtazamaji. Mtu anayejua kusoma akiwekewa maandishi mbele yake huyasoma, hata asipokusudia. Na kusoma kimya ni haraka kuliko kusoma kwa sauti, kwa hiyo jicho lake litakutangulia. Wewe uko mstari wa pili, yeye yuko wa tano. Sikio linamrudisha, jicho linamvuta mbele, na akili inapoteza nguvu kupatanisha viwili hivyo badala ya kuipima hoja yako. Watafiti Slava Kalyuga, Paul Chandler na John Sweller walichapisha mwaka 2004 majaribio yao kuhusu jambo hili katika mafunzo ya kiufundi: maelezo marefu yakitolewa kwa maandishi na kwa sauti kwa wakati mmoja, neno kwa neno, wanafunzi walielewa kidogo kuliko waliposikiliza tu. Wengi huamini kinyume chake, kwamba kuona na kusikia kitu kile kile ni kukikazia mara mbili. Kwa jina geni, tarehe au istilahi moja, ndiyo, inasaidia. Kwa aya nzima hapana.

Aliyekuagiza video yumkini insha anayo tayari, au ataipata. Anachokosa ni mwandishi akiwa kando yake anamwonyesha kwa kidole: tazama hapa, hii ndiyo sentensi inayobeba kila kitu. Kwa nini ulichagua swali hili? Hoja inageukia wapi? Ni ushahidi upi una uzito, na upi umeuweka kwa tahadhari? Sehemu gani uliiandika upya? Karatasi haiwezi kuyajibu haya yenyewe. Video inaweza, na ndiyo faida yake kubwa.

Kwa dakika tano ningechagua vituo vinne tu katika insha nzima. Ukurasa wa kwanza ukiwa umetulia kwenye skrini, taja swali lako na jibu lako kwa sentensi mbili au tatu, na usiimalize dakika nzima kwa salamu na utangulizi. Kisha nenda moja kwa moja kwenye aya yenye ushahidi wako mzito zaidi. Ipake rangi ya njano sentensi moja, isome hiyo moja kwa sauti, halafu eleza kwa maneno yako inafanya kazi gani pale ilipo. Kituo cha tatu kiwe mahali insha inapokutana na pingamizi, au mahali wewe mwenyewe una mashaka. Hapo ndipo mtazamaji hupata imani na mwandishi, kwa sababu anaona kwamba umeipima hoja yako kabla yake. Cha mwisho ni hitimisho: insha imefika wapi, na imeacha nini bila kujibiwa.

Maelezo yenyewe yawe ya mdomo, yasiwe ya kitabu. Mfano wa jinsi ya kusema: “Aya hii mwanzoni ilikuwa na mifano mitatu. Nimebakisha huu mmoja, kwa sababu ile mingine miwili ilikuwa inathibitisha jambo ambalo hakuna anayelipinga.” Sentensi hizo mbili zinaeleza fikra zako kuliko kusoma aya yote. Na kama aliyekuagiza anajali mchakato wa uandishi, rekodi ya skrini inakupa kitu ambacho wasilisho la kawaida halina. Unaweza kufungua historia ya matoleo kwenye Google Docs, au mabadiliko yaliyofuatiliwa kwenye Word, ukaonyesha aya ilivyokuwa na ilivyo sasa. Ningeutumia mwanya huo kila unapopatikana.

Kwa dakika tano andika maneno 450 hadi 500 ya kusema. Yaliyobaki ni nafasi ya kupumua na ya mtazamaji kutazama unachomwonyesha. Kuhusu kuandika kila neno au vidokezo tu, watu hutofautiana. Mimi hupendekeza uandike kwa ukamilifu sentensi za mwanzo na za mwisho, na katikati uwe na vidokezo. Mwanzo ulioandikwa unakuondolea kigugumizi cha kuanza, na katikati iliyo huru inakulinda usisikike kama unasoma. Ukiamua kuandika yote, iandike kama unavyomweleza rafiki, kisha uisome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, badilisha sentensi.

Kuna andiko ambalo ushauri huu haulihusu. Shairi, hadithi fupi sana, hotuba au tamthilia vimetungwa kwa ajili ya sikio, na kuvisoma ndiko kuviwasilisha. Hapo soma, lakini onyesha ubeti mmoja mmoja badala ya ukurasa mzima, au acha kichwa cha kazi pekee kwenye skrini na uiachie sauti ifanye kazi. Vilevile, watazamaji wako wakiwa na shida ya kusikia, au lugha ya insha si yao ya kwanza, weka manukuu, yaani maandishi ya yale unayoyasema, chini ya video. Kwa wasiosikia, huenda manukuu yakawa njia yao pekee ya kuingia.

Sasa ukungu. Mara nyingi hutokana na mambo matatu yanayokutana, na kununua programu hakuondoi hata moja.

La kwanza ni ukubwa wa herufi. Laptopu ya inchi 15.6 ina skrini yenye upana wa sentimita 34 hivi. Simu ya kawaida ikilazwa ina urefu wa sentimita 15 hivi, na ikisimamishwa upana wake ni kama sentimita 7. Ina maana herufi uliyoiona wewe vizuri inamfikia mwenye simu iliyolazwa ikiwa chini ya nusu ya ukubwa wake, na kwa simu iliyosimamishwa inakuwa takribani moja ya tano. Kuza ukurasa hadi asilimia 150 au 200 kabla ya kurekodi, na usihangaike kwamba ni aya moja au mbili tu zinazoonekana. Ndicho tunachotaka. Funga pia utepe wa zana na vidirisha vya pembeni ili maandishi yapate skrini yote.

La pili linahusu jinsi video inavyobanwa. Programu ya kurekodi haihifadhi picha kamili kwa kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile nyingi zinazounda video. Ingefanya hivyo faili lingekuwa kubwa kupita kiasi. Huhifadhi picha kamili mara moja moja, na katikati huandika tu kilichobadilika tangu fremu iliyotangulia. Ukurasa uliotulia haubadiliki, kwa hiyo programu inakuwa na nafasi tele ya kuzitunza herufi zikiwa kali. Ukianza kushusha ukurasa, karibu kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha, inabadilika kwa mkupuo. Programu hujaribu kuufuata mwendo, lakini mwendo wa kusitasita wa kidole kwenye kipanya ni mgumu kuufuata, na kiwango cha data ilichopewa hakitoshi. Kitu cha kwanza kupotea ni kingo nyembamba za herufi.

Jicho nalo lina shida yake na mwendo huo. Tunaposoma, jicho haliteleziki juu ya mstari. Hurukaruka na kutua, kila kituo kwa takribani robo ya sekunde, na ni wakati limetua ndipo linasoma. Maandishi yanayopanda bila kukoma hayalipi mahali pa kutua. Kwa hiyo hata ungekuwa na kompyuta yenye nguvu kuliko zote, kushusha ukurasa huku unaongea kungemchosha mtazamaji wako. Ruka kutoka kituo hadi kituo: bonyeza kitufe cha kushuka ukurasa, au weka alama ndani ya hati na uziendee moja kwa moja. Ukishafika, toa mkono kwenye kipanya. Kishale kinachozunguka bila sababu huvuta macho yote kwake.

Hapo hapo kuna suala la rangi. Video nyingi huhifadhi mwanga na kivuli kwa kila pikseli, lakini rangi huhifadhiwa kwa ukali mdogo: pikseli nne hugawana kipimo kimoja cha rangi. Herufi nyekundu juu ya bluu zinatofautiana zaidi kwa rangi kuliko kwa mwanga, na hapo ukungu huingia kwa urahisi. Herufi nyeusi juu ya nyeupe, au juu ya njano hafifu ya kuangazia, hubaki kali.

La tatu ni mahali unapoipeleka video. Ukiipakia YouTube na kuitazama papo hapo, unaweza kuona toleo la ubora wa chini kwa sababu la ubora wa juu bado linaandaliwa. Subiri kabla ya kukata tamaa. Ukiituma WhatsApp kama video, inabanwa tena na herufi ndogo hufa kabisa. Itume kama hati, ambapo haiguswi. Njia rahisi zaidi kwa faili kubwa ni kulipakia YouTube kama video isiyoorodheshwa, yaani inayoonekana na mwenye kiungo tu, au kwenye hifadhi ya mtandaoni, halafu utume kiungo. Kiungo hicho kijaribu mwenyewe kwenye kifaa ambacho hujaingia kwa akaunti yako, maana mara nyingi mpokeaji hukutana na ombi la ruhusa badala ya video.

Ukubwa wa faili unategemea kiwango cha data kwa sekunde kikizidishwa na muda. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, dakika tano zinatoa megabaiti 300, kwa kuwa megabiti nane ni megabaiti moja. Kwa megabiti 2 zinatoa 75, na kwa ukurasa uliotulia megabiti 2 zinatosha vizuri. Rekodi kwa fremu 30 kwa sekunde, si 60, na hifadhi kwa MP4, aina ya faili la video ya kawaida. Kompyuta ikilemewa, shusha vipimo vya video kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Ukiwa umekuza herufi kama nilivyosema, maandishi yatasomeka vizuri.

Programu ya kulipia huihitaji. Kwenye Windows 11, Snipping Tool ya matoleo mapya inarekodi skrini pamoja na sauti. Kwenye Mac bonyeza Shift, Command na 5 kwa pamoja, na kabla ya kuanza chagua maikrofoni ndani ya mipangilio, la sivyo utapata video bubu. iPhone na simu za Android kuanzia toleo la 11 zina kirekodi chake ndani. Kwa iPhone kishikilie kitufe cha kurekodi kwa muda, kisha uiwashe maikrofoni. OBS Studio, programu nyingine ya kurekodi, ni ya bure na ina uwezo mkubwa, ila ina mipangilio mingi, na kwa video ya dakika tano kwenye kompyuta dhaifu nisingekupeleka huko kwanza. Ukiitumia, rekodi kwa MKV, aina nyingine ya faili la video, kisha ugeuze kuwa MP4 ndani yake, kwa sababu MP4 ya kawaida ikikatika kabla ya kufungwa vizuri huenda isifunguke tena.

Kwa sauti, kama kuna fedha kidogo ya kutumia, itumie hapa kabla ya kitu kingine chochote. Watu huvumilia picha ya wastani, lakini sauti mbaya huwafanya waifunge video. Hata hivyo maikrofoni ya kitaalamu si ya lazima. Mwangwi unaousikia ni sauti yako ikigonga kuta tupu na kuirudia maikrofoni kwa kuchelewa kidogo, na maikrofoni ya laptopu iko mbali na mdomo wako kiasi kwamba inaokota mwangwi huo kwa nguvu karibu sawa na sauti yenyewe. Suluhisho ni umbali. Hedifoni za simu zenye maikrofoni kwenye waya, maikrofoni ikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isiipige, zitakusaidia sana. Chagua chumba chenye kitanda, mapazia na nguo. Zima feni. Kisha rekodi nusu dakika na uisikilize kwa hedifoni kabla ya kurekodi yote.

Na sauti yako. Unapoongea, unajisikia kwa njia mbili: kupitia hewa, na kupitia mifupa ya kichwa, ambayo huongeza uzito wa sauti za chini. Rekodi inakupa ile ya hewa tu, ndiyo maana unaisikia nyembamba na ngeni. Wote wanaokufahamu wameisikia hiyo hiyo maisha yako yote na hawaoni kasoro ndani yake. Ugeni huo hupungua kadiri unavyojisikiliza. Kwa sasa, usijihukumu kwa rangi ya sauti. Jikague kwa mambo unayoweza kuyabadilisha, kama kasi, kupumua, na kumalizia maneno ya mwisho wa sentensi bila kuyameza.

Rekodi kila kituo peke yake badala ya dakika tano kwa mkupuo mmoja. Ukikosea, nyamaza sekunde mbili, rudia sentensi tangu mwanzo wake, endelea. Kipande kibovu utakikata baadaye, na huo ukimya utakuonyesha kilipo. Kabla ya kubonyeza kitufe, zima arifa zote, funga barua pepe na vichupo visivyohusika, na ukague maoni yaliyoachwa pembeni ya hati. Kama insha inataja watu waliokupa habari kwa siri, hakikisha majina yao hayaonekani popote, hata kwenye jina la faili. Skrini huonyesha mengi kuliko unavyokumbuka.

Yako mambo ambayo jibu langu haliwezi kukumalizia. Kama sauti ina mvumo usiokoma hata ukibadilisha chumba na hedifoni, au kompyuta inazimika kwa joto katikati ya kurekodi, mpelekee fundi aione. Kama insha inatarajiwa kuchapishwa, muulize mhariri au msimamizi wako kabla ya kuiweka video hadharani, kwa sababu baadhi ya wachapishaji wana masharti kuhusu kazi iliyokwisha kuonyeshwa. Kama hofu ya kuongea inakufunga koo kiasi cha kushindwa kabisa, zungumza na mwalimu au mshauri ana kwa ana. Wengi wataweza kukupa njia nyingine, kama kuwasilisha mbele ya mtu mmoja, na ni haki yako kuuliza.

Kabla ya kurekodi upya, mwulize pia aliyekupa kazi swali moja: anataka kusikia insha ikisomwa, au anataka uielezee? Akijibu kwamba isomwe, omba muda uongezwe au mkubaliane sehemu moja ya maneno 500. Akisema uielezee, rekodi kituo cha kwanza peke yake leo, umtumie mtu ambaye hajaisoma insha, na umwombe akuambie kwa sentensi moja insha inadai nini. Akikosea, rekebisha zile sentensi mbili za mwanzo kabla ya kugusa kitu kingine.